Pumzi ya kijana wa ubao: mwongozo kamili wa mazoezi kwa makocha na wazazi wa Bagamoyo

Unguja imelala mbele yetu baharini, nayo inakinga sehemu kubwa ya nguvu ya bahari kuu. Kinachofika Bagamoyo, kuanzia Kaole hadi mbele ya Chuo cha Sanaa, ni mawimbi mafupi ya upepo, na upepo ukilala hata hayo hupotea. Hapo ndipo wengi wanaofundisha vijana kuteleza mawimbini hukata tamaa, wakasubiri safari ya Kigamboni ambako ufuo uko wazi zaidi, ndipo waseme wamefanya mazoezi. Mimi siafiki. Sehemu kubwa ya kinachomwezesha kijana kushindana katika mchezo huu inajengwa kwenye maji yaliyotulia, na maji hayo tunayo tele.

Mwongozo huu ni wa kocha, mzazi, au kaka na dada mkubwa anayesimamia vijana wa miaka 11 hadi 17. Vifaa ni vichache: ubao mmoja au miwili, kamba ndefu, madumu matupu ya lita 5, filimbi, saa ya simu na daftari.

Jua raundi inadai nini

Watafiti wa New Zealand waliwafuatilia wachezaji wakiwa kwenye mashindano na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Walikuta kwamba 54% ya muda wa raundi, yaani kipindi kimoja cha kushindana majini, mchezaji amelala kifudifudi juu ya ubao akivuta maji kwa mikono. Asilimia 28 ametulia akisubiri. Kusimama juu ya wimbi, jambo ambalo watazamaji wote wamelifuata, kulichukua 8% tu, na kuvuta kwa nguvu zote ili kulikamata wimbi 4%. Mapigo ya moyo yalikuwa wastani wa 140 kwa dakika, yakipanda hadi karibu 190.

Zigeuze hesabu hizo ziwe raundi ya dakika 25. Kijana atavuta maji kwa zaidi ya dakika 13 na atasimama kwenye wimbi kwa dakika 2 hivi. Zile mbio fupi za kulikamata wimbi, zikijumlishwa zote, hazizidi dakika moja. Lakini bila dakika hiyo hakuna alama hata moja.

Kumbuka pia alama zinavyohesabiwa. Kila wimbi hupewa alama hadi 10, na mawimbi mawili bora ndiyo yanayojumlishwa, jumla ya juu kabisa ikiwa 20. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye Olimpiki, mchezo huu ulipoingizwa kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Kijana mwenye wimbi moja la alama 7 na jingine la 2 anashindwa na mwenye 5 na 5. Pumzi ndiyo inayomrudisha kijana mapema kwenye foleni ya mawimbi, pale wachezaji wanaposubiri wimbi, mikono ikiwa bado ina nguvu na kichwa kikiwa kimetulia vya kutosha kuchagua. Asiye na pumzi hulichukua wimbi lolote linalokuja kwa sababu anaogopa hataweza kulifikia linalofuata.

Kuna jambo la pili ambalo kocha lazima alishike. Wachezaji waliokwisha kuiva wakipimwa kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, mara nyingi tofauti kati ya mzuri na mzuri zaidi haionekani. Inaonekana kwingine: nguvu ambayo mikono inaweza kuitoa kabla misuli haijaanza kuwaka moto, na uwezo wa kurudia mbio fupi bila kuporomoka. Kwa hiyo mazoezi ya kuvuta taratibu ni msingi, lakini anayeishia kwenye msingi ataogelea vizuri na kushindwa vizuri.

Kabla ya ubao

Asiyeweza kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila kushika kitu asipewe ubao. Kamba ya mguuni inayomfunga na ubao inaweza kukatika.

Kaa na wazazi uulize waziwazi: mtoto ana pumu, kifafa, tatizo la moyo, selimundu? Uliza pia kama kuna selimundu kwenye ukoo, kwa sababu hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, anayeonekana mzima kabisa, anaweza kupata madhara akisukumwa kwa nguvu nyingi kwenye joto bila maji ya kutosha. Mwenye lolote kati ya hayo aonwe na daktari kwanza. Usimfukuze, wengi wao wanaweza kucheza wakiwa na mpango wao.

Mahali pia pachaguliwe. Ondokeni njia ya mashua na ngalawa zinapoingia kushusha samaki, na zungumzeni na wavuvi wazee wa hapo, maana wanajua mkondo unakwenda wapi kila saa ya maji. Msisogee mdomo wa Mto Ruvu, kaskazini ya mji: kuna mamba na viboko, na baada ya masika maji yake ni tope lisiloonyesha kitu. Mkiingia kwa miguu kwenye mchanga wenye maji mafupi, buruteni nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki taa aliyejificha mchangani asikie na kuondoka.

Panga ratiba kwa mwezi wa angani

Hapa ndipo ratiba zilizoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine zinapotuangusha. Ufuo wetu ni mpana na mtambarare, maji yakipwa yanakwenda mbali sana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Zikifika siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na jioni yanapwa, ingawa hayaendi mbali kama wakati wa bamvua.

Kwa mtoto wa shule hii ni bahati, tukiitumia. Wiki ya bamvua anatoka darasani na kukuta maji yamejaa: hiyo iwe wiki ya ubao, siku tatu au nne ndani ya maji. Wiki ya maji mafu, jioni iwe ya nchi kavu na kazi ya maji isogezwe Jumamosi na Jumapili asubuhi. Hivyo mikono inapata wiki nzito na wiki nyepesi kwa zamu bila wewe kulazimisha, na mabega ya mtoto anayekua yanahitaji zamu hiyo.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na yote miwili huwa mikali zaidi mchana kuliko asubuhi. Vipimo vifanyike asubuhi. Mazoezi ya kupambana na maji yenye fujo yafanyike alasiri.

Pima kwanza

Kipimo cha kwanza ni mita 400. Pima mita 20 kwa kamba, weka dumu tupu kila mwisho, kila dumu likifungwa kwenye jiwe zito. Chagua maji ya kiunoni hadi kifuani, wakati maji yamekwisha kujaa na bado hayajaanza kupwa, ili mkondo usimbebe mmoja na kumkwamisha mwingine. Kijana analala kwenye ubao na kuvuta, anazunguka dumu, anarudi, hadi atimize mita 20 mara 20, yaani kwenda na kurudi mara 10. Andika muda. Tumia ubao uleule kila mara, kwa sababu ubao mrefu na mnene hukimbia zaidi na ukiubadilisha hujui tena unalinganisha nini.

Tuseme kijana ametumia dakika 7 na sekunde 30. Hizo ni sekunde 450, yaani kila mita 20 zimemgharimu sekunde 22 na nusu. Hiyo ndiyo kasi yake, na ndiyo utakayoitumia kumpangia kazi, wala si kasi ya mwenzake.

Kipimo cha pili kifanyike siku nyingine. Weka alama mita 15. Kijana anavuta kwa nguvu zote hadi mwisho, kisha kila zinapotimia sekunde 40 tangu alipoanza unapuliza filimbi na anakwenda tena, mara 10. Andika kila muda. Linganisha wastani wa tatu za mwanzo na wastani wa tatu za mwisho. Aliyeanza kwa sekunde 10 na kumaliza kwa 12 amepoteza 20%, na katika dakika za mwisho za raundi mawimbi mazuri yatampita chini ya ubao.

Soma vipimo hivyo kwa pamoja. Mwenye mita 400 za polepole anahitaji msingi. Mwenye 400 nzuri lakini anayeporomoka kwenye mbio fupi anahitaji vipindi vikali. Na yule ambaye mbio zake zote 10 ni za polepole lakini zinalingana, usikimbilie kumlaumu kwa pumzi, mtazame anavyovuta. Mara nyingi amelala nyuma mno na pua ya ubao inaelekea mbinguni, au amelala mbele mno inazama. Au mikono inapita mbali na ubao ikichota maji pembeni, na kichwa kinayumba kila mkono unapoingia. Kifua kiinuke kidogo, kidevu kitulie, kiwiko kiwe juu wakati mkono unaingia, kiganja kivute kufuata ukingo wa ubao hadi nyongani. Marekebisho hayo peke yake yanaweza kumpa kasi ambayo wiki nyingi za jasho zisingempa.

Wiki sita za msingi

Mara tatu kwa wiki, kazi ya dakika 20 ikipanda taratibu hadi 35, kwa mwendo ambao kijana anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Usitumie ile hesabu ya 220 kutoa umri ili kumpangia mapigo ya moyo. Kwa watoto haiaminiki, na mtu akifanya kazi kwa mikono mapigo ya juu kabisa huwa machache kuliko akikimbia. Mazungumzo ni kipimo bora. Mwambie akuhesabie kwa sauti moja hadi kumi na tano. Akikatika njiani, apunguze mwendo.

Angalau mara mbili kati ya hizo tatu ziwe ni kuvuta maji. Kukimbia kwenye mchanga mgumu kuelekea Kaole, kuendesha baiskeli, kuruka kamba na kuogelea vyote vinajenga moyo na mapafu, na wiki ya maji mafu ni vyema viwepo. Lakini mishipa midogo ya damu na uwezo wa kutumia oksijeni huongezeka ndani ya misuli ileile inayofanyishwa kazi. Nimewaona vijana wakimbiaji hodari, wasiochoka hata kidogo barabarani, wakitundika mikono baada ya dakika tano juu ya ubao. Miguu yao imefundishwa, mabega bado.

Kama ubao ni mmoja na vijana ni wanne, usione ni umaskini. Mmoja anavuta, wa pili anashika saa, wa tatu anasimama majini kama mlinzi, wa nne anapumzika. Kwenye siku za msingi zamu ziwe za dakika 8 na wanaosubiri waogelee polepole. Ikifika awamu ya mbio fupi, zamu hizohizo zinakupa mapumziko yanayohitajika bila kuhesabu.

Wiki sita za vipindi vikali

Sasa kazi kali iingie mara mbili kwa wiki, kamwe si siku mbili mfululizo, na siku moja ya mwendo wa mazungumzo ibaki.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa vijana 24 wa mashindano, wengi wao wa miaka 14 hivi, waliofundishwa kuvuta ubao kwa wiki 5. Kundi lililofanya vipindi virefu kidogo liliboresha muda wa mita 400. Kundi lililofanya mbio fupi sana liliboresha mbio za mita 15 zinazorudiwa. Kila mmoja alivuna alichopanda, kwa hiyo mpe kijana kile ambacho kipimo kimeonyesha anakosa.

Kwa anayekosa uvumilivu: sekunde 30 za kuvuta kwa nguvu, sekunde 30 za kuvuta polepole, mara 6. Apumzike dakika 4, kisha arudie seti nyingine. Yule wa sekunde 22 na nusu kwa mita 20 anapaswa kupita mita 27 hivi ndani ya kila kipindi kikali, asipofika, mpumzishe. Kila wiki ongeza kipindi kimoja kwa seti, usizidi 10.

Kwa anayeporomoka: sekunde 10 za nguvu zote, apumzike hadi sekunde 40 zitimie, mara 8 kwa seti. Seti mbili, tatu kwa wakubwa. Mbio ya mwisho ikiwa ya polepole mno kuliko ya kwanza, funga kazi ya siku hiyo, maana kinachofuata ni uchovu peke yake.

Nawasihi jambo moja kwa uzito wote. Msiwaache vijana washindane kukaa chini ya maji, wala msiwafundishe kuvuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama. Kufanya hivyo huiondoa mwilini hewa chafu ambayo ndiyo inayotupa hamu ya kupumua. Kijana hasikii kubanwa, oksijeni inaisha na anapoteza fahamu majini kimyakimya, mara nyingine mbele ya wenzake wanaodhani anawashinda.

Raundi ya kuigiza

Zoezi hili nalipenda kuliko yote. Saa iwekwe dakika 25. Vijana wawili wanakaa juu ya mbao zao mita 60 kutoka ufukweni, kocha yuko nchi kavu na vitambaa viwili. Cheupe kikipanda ni wimbi la kawaida, chekundu ni wimbi kubwa. Anayeamua kulichukua anavuta kwa nguvu zote mita 15 kuelekea nchi kavu, anasimama juu ya ubao, anakaa katika mkao wa kuteleza hadi ubao uishiwe mwendo, kisha anaruka majini na kurudi alikotoka. Cheupe kina alama 3, chekundu 6, na zinahesabiwa mbili bora tu. Asiyekuwa mahali pake kitambaa kikipanda amekikosa.

Pandisha chekundu mara nne tu, na mara mbili ziwe ndani ya dakika 6 za mwisho. Utaona mara moja nani amejimaliza kwa kukimbilia kila cheupe. Pepo za alasiri zikivuma na kuleta mawimbi ya kweli, hata ya magotini, weka vitambaa kando na mtumie hayo. Zoezi hili lifanyike mara moja kwa wiki katika wiki tatu za mwisho, likichukua nafasi ya siku moja ya vipindi.

Mwili unaokua

Jumla ya saa za mazoezi kwa wiki, michezo yote ikiwemo mpira wa shule, isizidi umri wa mtoto kwa miaka: wa miaka 12 asizidi saa 12. Mpime urefu kila baada ya miezi mitatu kwenye fremu ya mlango. Akiongezeka zaidi ya sentimita 2 yuko kwenye kipindi cha kurefuka haraka. Punguza mbio za nguvu zote na usishangae akipoteza mizani kwa muda. Maumivu ya bega yanayobaki hadi kesho yake ni sababu ya kuacha kuvuta na kuonana na mtaalamu. Kwa kinga, funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo na kijana, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, auzungushe mkono kuelekea nje, mara 15 kila upande, siku tatu kwa wiki.

Chakula chetu kinatosha: uji na viazi vitamu au muhogo saa mbili hadi tatu kabla ya kazi, wali na maharage au samaki baada yake. Wasichana waliovunja ungo waangaliwe madini ya chuma: dagaa, maini, mboga za majani zikikamuliwa limau, na chai isinywewe pamoja na mlo kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Wanaotaka kuvaa nguo ndefu za kuogelea na kufunika kichwa wavae na wasiulizwe maswali. Hakikisha tu nguo haijai maji ikawa mzigo, na awepo dada au mama wa kuwasimamia.

Mwezi wa Ramadhani usipime na usifanye vipindi vikali mchana. Dakika 30 za mwendo wa mazungumzo karibu na futari zinatosha kulinda msingi, na maji yanywewe kidogokidogo kuanzia futari hadi daku. Mwenye kizunguzungu atoke majini papo hapo.

Siku ya mashindano

Siku tano za mwisho punguza kazi iwe nusu, ukiacha mbio fupi chache ili mikono isilale. Siku yenyewe, kaeni nchi kavu dakika 20 mkiyatazama mawimbi: yanakuja mangapi kwa kundi, kimya kinachukua dakika ngapi, mkondo unavuta upande gani. Kupasha mwili joto kuchukue dakika 10 na kumalizike na mbio tatu fupi. Kati ya raundi, kivuli, maji, ndizi au dafu, na mazungumzo machache.

Wakati kijana yuko majini, kocha asiwe mtazamaji. Andika kila wimbi zuri lililopita bila yeye kulichukua, na sababu yake: alikuwa bado anarudi, alivuta akashindwa kulifikia, au alikuwa mahali pake akaamua vibaya. Zikizidi za kwanza, wiki sita zinazofuata ziwe za msingi na vipindi vya sekunde 30. Zikizidi za pili, mbio za sekunde 10 na marekebisho ya mkono. Zikizidi za tatu, rudisheni vitambaa.